Kitenzi ambacho mama hakukitenda

Nilipokuwa mwaka wa pili, katika mtihani wa sarufi ya Kiingereza, tuliombwa kutunga sentensi tano za wakati uliopita. Ya tatu niliandika: “On Saturday my mother safaried to Idjwi.” Karatasi ilirudi na mstari mwekundu juu ya safaried, na pembeni maneno mawili: neno halipo.

Lipo. Alasiri ile ile nililikuta katika kamusi ya Merriam-Webster, limetajwa kuwa kitenzi kisichochukua yambwa: safari, safaried, safariing. Hizo i mbili zinashangaza jicho, lakini ndivyo ilivyo pia kwa taxiing na skiing. Ni kitenzi adimu. Wenye lugha yao hupendelea kusema “go on safari”.

Lilikotoka tunakujua. Kiarabu kina safar. Kiswahili kina jina safari na kitenzi kusafiri, na hakuna kwetu anayesema “kusafari”. Kiingereza kilichukua jina peke yake, kitenzi chetu kikabaki pwani. Kilipohitaji kitenzi, kikalivalisha jina lile lile viambishi vyake. Richard Burton, aliyeondoka pwani mwaka 1857 kuelekea Ziwa Tanganyika, alilitumia katika kitabu chake cha 1860, na kwake safari ilikuwa msafara wenyewe: watu na mizigo yao. Theodore Roosevelt alipofika Afrika Mashariki mwaka 1909, neno lilikuwa limekwisha kunuka baruti. Baadaye ikaja kamera. Wapagazi walitoka katika maana, wanyama wakabaki.

Kwa hiyo nilipompelekea mwalimu kamusi, aliisoma polepole, kisha akaniuliza mbele ya wote: “Na mama yako alikwenda Idjwi kutazama simba?” Darasa likacheka. Nami nilicheka, maana alisema kweli. Kamusi ilinipa neno, ikaninyima sentensi. Nilisahihisha, nikaandika travelled.

Ambalo sikumwambia ni hili. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Mama alikuwa amevuka ziwa Jumamosi kununua mananasi ya kuuza Kadutu, arudi kesho yake. Jumapili upepo ulikuwa mbaya, na simu yake haikupatikana. Nilipokuwa nikitunga zile sentensi tano, alikuwa hajafika. Travelled nilikuwa nalijua tangu sekondari, ila lilisikika kama jambo lililokwisha, mtu amefika, amekaa. Kwetu aliye safarini bado yuko njiani, na waliobaki nyumbani wanamwombea. Mdogo wangu anaitwa Safari, kama wengi hapa Kivu, kwa sababu alizaliwa baba akiwa mbali. Sijakutana na Safari hata mmoja aliyepewa jina hilo kwa ajili ya tembo.

Mama aliingia Jumatatu ile jioni, amelowa hadi kiunoni, mananasi yote yako salama.

Karatasi iliporudi, wiki mbili baadaye, nilimweleza mkasa wote: kwamba kwa Kiingereza yeye hakufanya safari, kwa kuwa hakuona wanyama wowote. Alikuwa anahesabu faranga za siku. Hakuinua kichwa.

“Na ile mbuzi yenye ilinikojolea mu bato,” akauliza, “ile haikukuwa nyama?”