Nilimfulia nguo

Nimerudi. Najua nimepotea zaidi ya mwezi, wengine mmeniuliza kama nimedisko... bado sijadisko, asanteni kwa dua. Kulikuwa na jambo chumbani kwetu ambalo sikuweza kuliandika, na kila nikikaa niandike mengine naona kama naigiza. Mwenye jambo ameniruhusu. Amelisoma kabla yenu na kufuta sehemu mbili. Jina lake halipo, na nawaomba msilitafute, hata nyie mnaodhani mnamjua.

Ilikuwa wiki ile bumu limetoka, mnaijua wenyewe, kila mtu tajiri kwa siku nne. Jumamosi mwenzangu wa chumbani alikwenda kwenye sherehe ya mtu wa darasani kwao, huko mtaani. Mimi nikabaki na desa langu la takwimu. Alirudi kwa bodaboda saa kumi na moja alfajiri, akakaa sakafuni nyuma ya mlango, viatu kavishika mkononi. Na mimi nikamwuliza, na hili ndilo linaloniuma mpaka leo, nikamwuliza: "Kwa nini hukuondoka na wenzio?"

Hiyo ndiyo sentensi yangu ya kwanza jamani. Hata pole sikusema. Alikaa kimya kama nusu saa ndipo akaniambia. Ilitokea kwenye saa saba usiku, na aliyemfanyia ni kijana wa kundi lao la majadiliano, mtu ambaye hata mimi ameshaniazima kalkuleta.

Basi huruma ikanishika, na huruma yangu ikaenda mikononi. Nikachemsha maji kwa hita, nikampeleka bafuni, nikamsugua mgongo kama mtoto. Nguo zake zote nikaziloweka kwenye ndoo na sabuni ya unga. Kulipokucha zilikuwa kwenye kamba, zinanukia. Nikajiona rafiki wa kweli. Mama yangu angefanya hivyohivyo, na bibi yangu pia.

Jumapili yote alilala. Jumatatu hakwenda kipindi. Jioni, kama saa kumi na mbili, akaingia dada wa chumba cha jirani, yuko mwaka wa tatu, anasoma famasia. Alimwangalia mara moja tu. Akakaa kitandani pembeni yake, akasema, "Pole mdogo wangu. Si kosa lako." Halafu akauliza imepita muda gani. Tukahesabu: masaa 41.

Mimi nilikuwa sijui kwamba masaa yana maana. Kumbe dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya masaa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Zinamezwa siku 28. Za kuzuia mimba ya bahati mbaya zina mpaka siku tano, nazo ukiwahi ndio vizuri. Masaa yote hayo nimekaa na mtu chumbani, nampa chai na kumwambia apumzike!

Tukapanda bajaji watatu. Mapokezi hospitalini mtu akatuuliza kwa sauti, foleni nzima inasikia, "Mna PF3?" Yaani ile fomu ya polisi namba tatu. Mwenzangu akageuka atoke. Dada wa famasia akasimama pale, hakupaza sauti, akasema tiba ya dharura haisubiri karatasi, tunaomba daktari. Akarudia mara tatu. Daktari akaja, dawa zikaanza usiku uleule.

Daktari ndiye aliyeuliza nguo ziko wapi. Nikasema zimefuliwa. Na nani? Na mimi. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alieleza taratibu kwamba nguo hazifuliwi, kila moja inafungwa peke yake kwenye karatasi, hata gazeti au bahasha ya kaki. Isiwe mfuko wa plastiki kwa sababu unatunza unyevu na ushahidi unaharibika. Mtu akiweza asioge kabla ya kupimwa. Lakini hata kama ameshaoga aende tu, maana tiba ni ileile.

Usiku ule sikulala, nikakesha nasoma sheria kwenye simu. Kanuni ya Adhabu, baada ya ile Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inasema si lazima kuwe na majeraha ili kuthibitisha kwamba mtu hakukubali. Na mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa aliyetendewa peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Nilisoma mara mbili. Kwa hiyo ndoo yangu haikumaliza kila kitu.

Asubuhi nikataka twende Dawati la Jinsia na Watoto, pale kituo cha polisi. Nikavaa kabisa. Akaniambia, "Ukiniburuta, itakuwa kesi yako." Nikavua viatu. Mpaka leo hajaamua, na nimejifunza kutouliza kila siku.

Wiki ya pili dada wa famasia akamleta muuguzi kwenye ukumbi wa bweni. Tulitegemea watu kumi, wakajaa mpaka ngazini, na wavulana kadhaa wamesimama mlangoni kama hawahusiki. Mmoja akauliza: na mwanaume je? Watu wakacheka. Muuguzi hakucheka, akamwambia masaa 72 ni yaleyale na dawa ni zilezile. Kijana akaandika kwenye kiganja. Mama huyo alikuwa msichana mwaka 1990, anakumbuka habari za Levina Mukasa, mwanafunzi wa Mlimani aliyejiua baada ya kusumbuliwa na wanafunzi wa kiume. Miaka yote hiyo imepita, na mimi sikujua nguo zinafungwa kwenye nini.

Muuguzi anatumia neno manusura. Mwenzangu anasema yeye ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, basi.

Amerudi darasani. Wasichana wawili wa kozi yao wanakaa naye, mmoja kulia mmoja kushoto, na wamehama lile kundi la majadiliano bila kumweleza mtu sababu. Dawa zilikuwa zinamchafua tumbo, kwa hiyo kila saa mbili usiku simu yangu ikilia tulikuwa tunakula kwanza, chapati za mama ntilie wa getini, ambaye hakuuliza kitu ila alianza kutuwekea mbili za ziada. Jumapili iliyopita amemaliza siku ya 28. Kipimo kingine bado, kiko mbele.

Lile gauni liko kabatini kwangu, safi. Yeye hataki kuliona, na mimi nashindwa kulitupa.