Kumpinga Refa

Wenzangu wengi husema kwamba refa akishapiga filimbi, neno limekwisha. Mimi sioni hivyo. Huko Marekani, katika ligi ya mpira wa kikapu iitwayo NBA, tangu msimu wa 2019-20 mwalimu wa timu ana ruhusa ya kupinga uamuzi. Huomba kwanza mapumziko, ambayo ni saba tu kwa mchezo mzima, kisha huzungusha kidole hewani, na marefa hutazama picha. Akishindwa, mapumziko yake yamepotea. Akishinda, hurudishiwa, na tangu msimu wa 2023-24 hupata nafasi ya pili. Lililonipendeza ni hiyo gharama: ajuaye kwamba atalipa hapigi kelele ovyo. Katika uwanja wetu kulalamika ni bure, basi manahodha hulalamika mchezo mzima, na refa, maskini, huziba masikio hata siku wanaposema kweli.