Jua Jina Lake Kwanza

Ukifuga matumbawe ndani ya nyumba, utapata wageni ambao hukuwalipia. Huja wamejificha kwenye mwamba na kwenye kipande cha tumbawe ulichonunua, wengine wakiwa bado mayai. Binamu yangu ana tangi la lita 200 la maji ya chumvi sebuleni kwetu, hapa Nairobi. Kwa kuwa mimi huandika usiku yeye akiwa amelala, mimi ndiye soja wa tangi. Vifaa vyangu ni daftari na tochi niliyoifunika karatasi nyekundu. Viumbe wengi wa usiku hawaioni vizuri rangi hiyo. Ukiwasha taa nyeupe, wote wamepotea, chap.

Msee wa kwanza kumwandika daftarini alikuwa mnyoo mrefu wa rangi ya waridi, ubavu mzima nywele nyeupe. Ukimshika kwa mkono mtupu, zile nywele zinakatikia ndani ya ngozi. Kila anayemwona anataka auawe. Lakini wengi wa aina hii ni wazoa taka tu: wanakula mabaki yanayooza chini ya mwamba kabla hayajachafua maji. Ukimkuta anamla samaki, mara nyingi huyo samaki alikuwa ameshakufa. Na wakiongezeka ghafla, jiulize unamwaga chakula kiasi gani.

Halafu kuna ule mlio. Tik. Tik. Kama mtu anagonga kioo kwa ukucha. Anaweza kuwa kamba mdogo anayefyatua gando lake kubwa, ambaye wakati mwingine huishi shimo moja na samaki mdogo bila noma. Au anaweza kuwa yule mwenye mikono iliyokunjwa kama ya vunjajungu, anayepasua konokono kwa pigo moja na anayeweza kukumalizia samaki mmoja mmoja. Kwa sikio tu, huwezi kuwatofautisha. Ndiyo maana siku hizi neno "mdudu" halinitoshi.

Adui wa kweli ana sura ya upole. Aiptasia anafanana na mnazi mdogo wa hudhurungi, matawi yakipepea majini. Wageni wakija wanasema, "Wa, maua!" Kumbe ni mnyama, na hayo matawi yanachoma matumbawe ya jirani. Ukimkata, kipande kinachobaki kwenye mwamba kinaota mwingine. Unakwangua mmoja, unapata ukoo. Sisi huzima pampu, tukamlisha uji mzito wa chokaa mdomoni kwa sindano, wachache kwa siku ili maji yasibadilike ghafla. Njia nyingine ni kumletea Berghia, konokono mdogo asiye na gamba ambaye chakula chake ni aiptasia tu. Aiptasia wakiisha, naye anakufa njaa.

Mwezi wa nne wakaja minyoo bapa wekundu. Walifunika mchanga kama kutu, wakaanza kupanda juu ya matumbawe na kuyazibia mwanga. Binamu yangu alikuwa ameshafungua chupa ya dawa. Nikamwambia, buda, ngoja. Hawa wakifa wote kwa mpigo hutoa sumu; unaweza kuamka ukute minyoo imeisha na samaki pia wameisha. Na tangi lile ni akiba yake ya miaka miwili.

Jioni tatu mfululizo tuliwanyonya kwa mpira mwembamba hadi kwenye ndoo, tukirudisha maji mapya ya chumvi ile ile, gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Siku ya nne, walipobaki wachache, ndipo dawa ikaingia. Mkaa wa kuchujia ulikuwa tayari, na ndoo za maji ya kubadilisha zimepangwa mlangoni. Samaki walihema haraka haraka hadi saa tano usiku. Hakuna aliyelala. Asubuhi wote walikuja kula.

Huko pwani, kwenye bahari yenyewe, hesabu haiko mbali na hii. Kwenye miamba ya Kenya inayovuliwa sana, wale viumbe wa miiba inayochoma miguu ni wengi kuliko ndani ya hifadhi kama za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968. Sababu kubwa ni kikande, samaki mwenye meno ya kuwavunja na kuwala. Akivuliwa akaisha, wao hubaki wakiutafuna mwamba. Hakuna aliyewaleta pale. Kilichobadilika ni kwamba mlaji wao ameondolewa.

Siku hizi tumbawe jipya hukaa wiki kadhaa kwenye chombo chake peke yake. Tunaliosha kwa dawa, kisha tunaliosha tena, kwa sababu dawa haiui mayai. Chakula tumepunguza. Nyuma ya pampu bado kuna aiptasia wawili, mahali ambapo sindano haifiki bila kung'oa mwamba mzima. Nawahesabu kila Jumapili. Wakifika watano, tutang'oa.