Siku Thelathini na Saba

Mahakama Kuu ya Kenya huenda likizo mara tatu kwa mwaka: wakati wa Pasaka, kisha tangu tarehe 1 Agosti hadi 15 Septemba, na tena wakati wa Krismasi. Kesi za jinai huendelea, lakini madai ya kawaida hungoja. Anayetaka lake lisikizwe siku hizo, sharti wakili wake atie saini hati ya dharura na kueleza kwa nini jambo haliwezi kungoja. Haya nisingeyajua, wala nisingetamani kuyajua, lau nyumba ya mama kule Likoni isingetangazwa mnadani mwaka 2003.

Mdogo wangu alikuwa amekopa, na mama akaiweka nyumba rehani. Ilani ya siku 45 ililetwa tarehe 8 Julai. Mdogo wangu aliipokea, akaificha. Mimi aliniambia baada ya wiki moja, akanisihi mama asijue kwa sababu ya presha yake. Nikakubali. Tukahangaika huku na huko kutafuta pesa, tusizipate. Tulipofika kwa wakili ilikuwa Alhamisi, tarehe 14 Agosti. Mnada ulikuwa tarehe 29.

Hoja tulikuwa nayo. Malipo ya stakabadhi nne hayakuhesabiwa katika deni. Nilizitandaza mezani kwa majivuno kidogo, nakiri. Wakili, mama mmoja mpole, hakuzitazama. Alihesabu kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani, akauliza, "Siku thelathini na saba zimekwenda wapi?"

Nikamwomba aandike kwamba ilani ilichelewa kutufikia.

"Ndugu yangu, hati hii inatoka kwa jina langu, si lako," alisema.

Kisha akanieleza. Kuwa na haki ni jambo moja, kuwa na dharura ni jingine. Mtu aweza kuwa na kesi nzuri na bado akaambiwa arudi likizo ikiisha. Jaji wa zamu hulisoma faili kabla ya kukuona wewe, naye hutaka kujua kama moto umewaka leo au ni ule mliokuwa mkiuota. Dharura yetu ilikuwa nyundo ya dalali: ikishaanguka, haki ya kukomboa nyumba imekwisha. Hilo lingetosha. Lakini kwa kuwa upande wa pili haungekuwapo, anayeomba peke yake hana budi kusema hata yale yanayomchoma. Ucheleweshaji sharti uandikwe, na sababu yake.

Na mwenye nyumba ndiye wa kuapa.

Mama hakujua kusoma. Kwa hiyo mbele ya kamishna wa viapo alisomewa kila aya, akaelezwa kwa Kiswahili. Aya ya saba ilisema kwamba wanawe walipata ilani mwezi Julai, wakamficha. Kamishna akamwuliza kama ameelewa. Mama akatutazama, mmoja baada ya mwingine.

"Kumbe siku zote hizo mlikuwa mkila na mimi sinia moja," akasema, akaweka kidole gumba kwenye wino.

Zuio la muda tulilipata tarehe 20 Agosti. Niliporudi na karatasi ile, mama alikuwa uani akichambua mchele. Aliipokea, akaitia kifuani, akaendelea kuchambua.