Jumamosi tatu za Ilomba

Asikudanganye mtu, Mbeya kuna baridi. Basi lililonitoa Dar lilinishusha saa mbili usiku nikiwa na kishati cha mikono mifupi, kama vile naelekea Coco Beach. Ilikuwa Juni 2014. Mshikaji wangu niliyesoma naye sekondari alikuja kunipokea kavaa koti zito na kofia ya sufu, akanicheka mpaka abiria wengine wakageuka. Nililala na mablanketi matatu, na soksi juu.

Nilikwenda kula likizo ya wiki tatu, basi. Mipango yangu ilikuwa ndizi, nyama choma na kupanda mlima Loleza. Sasa Jumamosi ya kwanza, saa moja asubuhi, jamaa ananiamsha: "Inuka, tunakwenda Ilomba kuchota maji." Nikadhani bomba la kwao limekauka. Kumbe!

Walikuwa watano, wavulana watatu na wasichana wawili, marafiki wa mtaa mmoja. Hawakuwa na jina wala mhuri, wala fulana za kufanana. Walikuwa na daftari moja tu na mchango wa shilingi 500 kwa wiki kila mtu, wa kununulia sabuni na mafuta ya taa. Kila Jumamosi walipita nyumba nne za watu wasiojiweza. Wavulana maji na kuni, wasichana kufua na kuwaogesha akina mama. Saa sita wamemaliza, kila mtu na hamsini zake.

Nilimuuliza mshikaji wazo hili kalitoa wapi. Akasema alipokuwa mdogo aliwaona watu wa KIHUMBE wakipita mitaani kwao. Kwa wasiojua, hicho ni kifupi cha Kikundi cha Huduma Majumbani Mbeya, kilichoanza na watu wa kujitolea miaka ya mwanzo ya 1990. Siku zile ukimwi ulikuwa unaua watu barabara nzima ile ya kwenda Zambia, na hospitali zilikuwa hazina cha kumpa mgonjwa zaidi ya kumrudisha nyumbani. ARV za bure zilianza kutolewa nchini mwaka 2004. Kabla ya hapo aliyelala kitandani alihitaji mtu wa kumgeuza, kumlisha, na kukaa naye wakati ndugu wengine wameshaanza kukwepa. Jamaa hao walikuwa wakiingia ndani. Mshikaji alisema hivyo tu, halafu akabeba dumu lake.

Nyumba iliyonikamata mimi ilikuwa ya bibi mmoja aliyevunjika nyonga, anaishi na mjukuu wa miaka tisa. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akanitupia "Ugonile!" na kusubiri. Nikabaki nimekodoa macho. Alicheka hadi akashika ubavu. Jumamosi ya pili nikajibu vizuri, akaniita mjukuu wake wa Dar. Nikajiona mtu.

Halafu ikaja ile Ijumaa, Julai 4. Mnaokumbuka Kombe la Dunia la Brazil mnajua. Robo fainali, Brazil na Colombia, mpira umeanza saa tano usiku. Tulijazana kwenye banda la video watu kama dagaa, Neymar akaumia mgongo, Brazil wakashinda mbili moja, tukatoka saa saba kasoro tukibishana njia nzima. Jumamosi tuliamka saa sita mchana. Kila mmoja alidhani mwenzake amekwenda. Wale wasichana nao walitusubiri mpaka wakachoka, wakarudi makwao.

Tulikwenda Jumapili jioni, tumejitayarisha na visingizio. Tukamkuta yule mtoto kafungwa kitambaa gotini. Maji yalikwisha, akateremka mwenyewe mtoni na dumu la lita ishirini, akateleza kwenye mawe. Bibi hakugomba. Akatuonyesha sahani iliyofunikwa kwa jani. Zilikuwa ndizi, zile Wanyakyusa wanaziita mbalaga, alizopika jana yake kwa ajili yetu. Alikaa nazo mlangoni tangu asubuhi. "Nilijua mmechelewa tu," akasema.

Wajameni, tulizila zile ndizi. Baridi, ngumu, na hakuna aliyeongea.

Wiki iliyofuata nilianza safari ya kurudi, nikashuka Iringa kwa siku mbili. Mjini nikaingia mgahawa wa Neema Crafts, na hapo ushamba wangu ukaonekana tena. Namwita mhudumu, hageuki. Nikakunja sura. Dada wa meza ya pili akaniashiria karatasi iliyo mbele yangu: wahudumu ni viziwi, unaandika unachotaka. Nikaandika kahawa na keki, na mhudumu akanifundisha kwa vidole kusema asante. Karakana yake ilianza mwaka 2003 ikiwa na vijana watatu viziwi, wakitengeneza karatasi kwa mavi ya tembo. Ndiyo, mavi ya tembo, na nilinunua kadi moja na kuinusa. Hainuki.

Watatu tu! Nilikuwa nawaza hivyo, na kikombe mkononi, simu ikaita. Mshikaji. Bibi anaulizia, yule wa Dar mwenye kishati ndiyo kaondoka moja kwa moja? Nikajibu nipo njiani, nikajisikia vibaya, nikamtumia elfu kumi kwa simu za sabuni na mafuta ya taa. Nilijiona nimefanya la maana.

Meseji ikarudi baada ya nusu saa: "Hela tumepata. Bibi anasema asante, ila leo tulikuwa wawili, na dumu ni sita."