Barua kwa Mwana wa Kaka Kuhusu Kufunga Barabara kwa Ajili ya Tabianchi

Navakholo, Kaunti ya Kakamega

Kwa mwana wa kaka, aliye chuoni,

Maandamano ya usumbufu, yaani yale ambayo nguvu yake haimo katika wingi wa watu wala katika mabango bali katika kuizuia shughuli fulani isiendelee, kama vile kufunga barabara, kukalia lango la kiwanda au kulala mbele ya tingatinga, yamezua ubishi mkubwa miongoni mwa wanaotetea mazingira. Habari iliyofika Navakholo ni kwamba kijana huyu na wenzake wanakusudia kuifunga kwa mawe na matairi barabara kuu ya kutoka Kakamega kwenda Webuye, ili serikali na ulimwengu wasikie kilio chao kuhusu mabadiliko ya tabianchi, ambayo maana yake ni kugeuka kwa mwenendo wa mvua, joto na upepo kwa kipindi kirefu kutokana na gesi zinazotoka katika kuchoma makaa ya mawe, mafuta na misitu. Senje anayeandika barua hii hakukusudia kumkataza, kwa sababu dada wa baba ana haki ya kusema wazi mbele ya mtoto wa kaka yake, lakini haki hiyo haifiki hadi kumfunga miguu mtu mzima mwenye kitambulisho. Alilokusudia ni kumwekea mbele swali moja ambalo, kwa maoni yake, ndilo linaloamua kama usumbufu utaijenga au utaibomoa kazi ya mazingira: anayezuiwa ni nani, naye ana mamlaka gani juu ya jambo linalolalamikiwa?

Mfano ulio karibu na Mkenya hauhitaji kutafutwa Ulaya. Mwaka 1989, ilipofahamika kwamba Kenya Times Media Trust, shirika la magazeti lililofungamana na chama tawala, lilitaka kusimamisha jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, Profesa Wangari Maathai, ambaye alikuwa ameanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, hakufunga njia yoyote. Alianza kwa barua, moja baada ya nyingine, kwa ofisi za serikali, kwa mashirika ya kimataifa na kwa nchi ambako fedha za ujenzi zilitarajiwa kutoka, na alipokwenda Mahakama Kuu kesi yake ilitupwa kwa hoja kwamba hakuwa na haki ya kusikizwa, maana sheria ya wakati ule ilimtaka mlalamishi aonyeshe hasara iliyompata yeye binafsi, kana kwamba bustani ya umma ikipotea hakuna anayepungukiwa. Bungeni alikejeliwa, na shirika lake hilo likatolewa katika ofisi ya serikali lilimokuwa likifanyia kazi. Hata hivyo wafadhili wa kigeni walijitoa, na jumba halikujengwa. Anayeisoma Katiba ya 2010 atakuta katika Kifungu cha 70 kwamba mtu anayedai haki ya mazingira safi halazimiki tena kuthibitisha kuwa yupo aliyepata hasara au kuumia, na kwa hiyo mlango uliofungwa mbele ya Maathai uko wazi leo, ingawa waandamanaji wengi huupita bila kuugusa.

Itakuwa si haki, hata hivyo, kumfundisha kijana kwamba kalamu peke yake hutosha, kwa sababu historia ya Msitu wa Karura inasema vingine. Msitu huo wa hekta zipatazo elfu moja, ulio kaskazini mwa Nairobi, ulikuwa umeanza kugawiwa kwa siri kwa wajenzi wa nyumba za kifahari, na malalamiko ya maandishi yalipokosa jibu katika mwaka 1998, Maathai na wenzake waliingia wenyewe hadi mahali palipokuwa pakifyekwa, wakiwa na miche, majembe na maji ya kunyweshea. Huo ulikuwa usumbufu halisi, wala haufai kupambwa kwa maneno laini, na mwezi wa Oktoba mwaka huo vifaa vya ujenzi viliteketezwa na umati. Tarehe 8 Januari 1999, Maathai, wabunge kadhaa wa upinzani, waandishi wa habari na wageni kutoka ng'ambo walipofika kwenye lango ili kupanda mti, walivamiwa na kundi kubwa la wanaume waliokodiwa, wenye mapanga, mijeledi na mawe, na Maathai akapasuliwa kichwa. Alikwenda kituo cha polisi akaandikisha mashtaka, na sahihi aliyoiweka kwenye karatasi ile aliiandika kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani wiki chache baadaye, jiji likatikisika, na mnamo Agosti 16 mwaka huohuo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi yote ya umma.

Anayelisoma tukio hilo kwa pupa atasema kwamba vurugu ndizo zilizoiokoa Karura, na huenda wenzake kijana wanasema hivyo. Senje analisoma kwa namna nyingine. Mitambo iliyochomwa iliwapa wanyakuzi wa msitu nafasi ya kuwaita watetezi wahuni, lakini mwanamke mwenye kichwa kinachovuja damu, aliyekuja na mche na kuzuiwa na watu wenye mapanga, hakumwachia mtazamaji shaka yoyote juu ya nani alikuwa mhuni. Tena, na hapa ndipo uzito wa hoja ulipo, kilichozuiwa Karura kilikuwa kitendo chenyewe kilicholalamikiwa: lango lile ndilo lililoingiza matingatinga, na walinzi wale ndio waliolinda unyakuzi. Hapakuwa na haja ya kumweleza mpita njia uhusiano uliopo kati ya lango na msitu, kwa kuwa aliuona kwa macho.

Ulaya uhusiano huo umekuwa mgumu kuuonyesha. Oktoba 17, 2019, wanaharakati wa Extinction Rebellion, kundi la kutetea tabianchi, walipanda juu ya paa la treni ya abiria katika kituo cha Canning Town, mashariki mwa London, saa za watu kwenda kazini, na abiria wenye hasira wakawaburuta hadi chini. Treni yenyewe ilikuwa ya umeme, yaani chombo ambacho watetezi wa tabianchi wangetaka watu wengi zaidi wakitumie. Mwaka 2022 vijana wawili wa Just Stop Oil, kundi jingine la aina hiyo, walimwaga supu ya nyanya kwenye kioo kinachoikinga picha ya alizeti ya Van Gogh, na kwa siku kadhaa dunia ikajadili picha badala ya mafuta. Mwisho wa mwaka huo Extinction Rebellion ya Uingereza ilitangaza kwamba itaacha kuutanguliza usumbufu wa umma, na Machi 2025 Just Stop Oil nao wakasema wanaifunga kazi ya namna hiyo, wakidai kwamba shabaha yao ya kukomesha leseni mpya za mafuta na gesi ilikuwa tayari imekuwa sera ya serikali.

Dai hilo la mwisho halipaswi kupuuzwa, na hapa kijana ana hoja ambayo mzee hana budi kuikubali. Wanazuoni wa jamii hutaja athari ya mrengo mkali, ambayo aliyeieleza mapema ni Herbert Haines katika uchunguzi wake wa harakati za Wamarekani weusi, nayo ni kwamba kundi lenye vitendo vikali linaweza kuchukiwa lenyewe na bado likawafanya wapole wa harakati ileile waonekane watu wa kuzungumza nao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Sustainability ulionyesha kwamba baada ya Just Stop Oil kuifunga barabara ya M25 inayoizunguka London mnamo Novemba 2022, watu waliolifahamu zaidi kundi hilo ndio walioongeza kuliunga mkono shirika jingine la upole, Friends of the Earth. Upande wa pili uko utafiti wa Matthew Feinberg na wenzake wa mwaka 2020, uliokuta kwamba vitendo vikali huwapunguzia waandamanaji waungaji mkono, kwa kuwa mtazamaji huacha kujiona kuwa mmoja wao. Tafiti hizi mbili hazigongani kama inavyodhaniwa: ya kwanza inahitaji kuwepo kwa wapole wa kupokea faida, wenye ofisi, jina na madai yaliyoandikwa, na kijana ajiulize ni nani katika Kakamega ya leo atakayeipokea faida hiyo, ikiwa kundi la matairi ndilo kundi pekee lililopo.

Sasa itazamwe barabara yenyewe. Kenya hutoa sehemu ndogo sana ya gesi zinazoipasha dunia joto, na wanaosafiri kati ya Kakamega na Webuye ni sehemu ndogo mno ya kiasi hicho kidogo. Atakayesimamishwa na mawe hayo ni mgonjwa anayetolewa Malava kupelekwa hospitali ya rufaa ya kaunti, mwendesha bodaboda mwenye mkopo wa pikipiki wa kulipwa kila jioni, na mkulima ambaye miwa yake imekatwa na iko juu ya trela kuelekea Butali au Kabras, ikipoteza uzito na sukari kadiri inavyokaa juani, ilhali malipo yake hupimwa kwa tani. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye uwezo wa kufuta leseni ya mafuta. (Moshi wa matairi, nao, ni moshi, jambo hilo litasemwa na kila mama atakayepita hapo na kikapu, na mwenye bango hatakuwa na jibu.) Fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi, lakini katika mpango huu fahali wa pili hata hayupo uwanjani.

Kijana huenda akajibu kwamba Juni 2024 vijana wa nchi hii walisimamisha shughuli za miji mizima na Mswada wa Fedha ukaondolewa. Ni kweli, na Rais alitangaza tarehe 26 mwezi huo kwamba hatautia sahihi. Ila ikumbukwe kwamba ndani ya mswada ule mlikuwa pia na ushuru uliopewa jina la mazingira, uliokusudiwa kutozwa bidhaa zikiwemo simu na nepi za watoto, na wananchi waliupinga pamoja na mengine kwa sababu waliona jina la mazingira limetumiwa kumfikia maskini mfukoni. Mwananchi aliyekwisha kuonjeshwa hivyo hatakuwa na subira na mtu anayemkosesha chakula cha siku kwa jina hilohilo. Ikumbukwe vilevile kwamba siku moja kabla ya tangazo hilo polisi waliwapiga vijana risasi. Mwandamanaji wa London huhesabu miezi ya gerezani anapoamua kufunga njia. Mzazi wa hapa huhesabu jambo jingine, na si woga kulisema.

Kwingineko katika Afrika Mashariki, gharama imeonekana kuwa kubwa hata pasipo kufunga njia. Oktoba 2022 wanafunzi 9 walikamatwa Kampala walipokuwa wakipeleka ombi kwenye ofisi ya Umoja wa Ulaya kuhusu bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani karibu na Tanga, wakashtakiwa kwa kusababisha kero kwa umma. Ujenzi wa bomba uliendelea, lakini mabenki makubwa kadhaa yalikataa kuukopesha mradi, na kilichoyasukuma ni shinikizo lililofika kwenye meza za mabenki yenyewe. Lamu ndiko kulikopatikana ushindi ulio wazi zaidi. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopata leseni mwaka 2016 ulipingwa na wakazi kwa mikutano, maandamano na kesi, na Juni 26, 2019 Baraza la Taifa la Rufaa za Mazingira, chombo kinachosikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya leseni, likaifuta leseni hiyo kwa sababu, pamoja na mengine, umma haukushirikishwa ipasavyo. Wavuvi wa Lamu hawakumzuia yeyote kufika sokoni. Waliizuia karatasi, na bila karatasi ile hapakuwa na mtambo.

Kwa hiyo ushauri kwa mwana huyu ni kwamba ghadhabu yake aihamishe mahali. Mto Nzoia unaopita karibu na Navakholo ndio huohuo unaofurika Budalangi, na kila kijito kinachouingia kina mtu anayekifyekea kingo, anayekichimba mchanga au anayepanda mikalatusi hadi ukingoni mwa chemichemi ambako kina mama huteka maji. Hayo yana wahusika wanaojulikana, na yana maofisa wanaopaswa kujibu. Leseni ya mazingira ikitolewa kwa mradi wenye madhara, kuna siku 60 za kukata rufaa kwenye Baraza lile; bunge la kaunti lazima lipokee ombi la mwananchi; Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko Kakamega mjini. Na ikiwa milango hiyo yote itabishwa bila kuitikiwa, basi Kifungu cha 37 cha Katiba kinaruhusu kuandamana kwa amani na bila silaha, na taarifa ipelekwe kwa mkuu wa kituo cha polisi si chini ya siku 3 wala si zaidi ya siku 14 kabla, kisha yeye na wenzake waende wakaketi kwenye lango la yule anayeharibu, au kwenye ngazi za ofisi iliyomruhusu, wakae hata wiki. Usumbufu wa namna hiyo senje hataupinga, na baba yake kijana akiupinga, kikao cha nyumbani kitaitishwa.

Kabla ya mkutano wao ujao, wenzake waulizwe wataje kwa jina ofisi wanayotaka ibadilishe uamuzi, uamuzi wenyewe, na tarehe ulipotolewa. Wasipoweza kuvitaja, mawe yaachwe yalipo. Wakiweza, ombi liandikwe, na senje atatia sahihi pamoja na namba yake ya kitambulisho miongoni mwa watu wa mwanzo, kwa sharti kwamba lisomwe kwanza katika baraza la chifu kwa lugha ambayo waliokaa nyuma wataielewa, na kwamba wakulima wa miwa wapewe nafasi ya kulirekebisha kabla halijapigwa chapa.

Ni senje yake,
Navakholo