Ngoma Chini ya Shuka



Mwaka 2012 baba mdogo wa watoto wetu alikuja kututembelea hapa Kirumba, Mwanza, akamletea kijana wetu zawadi: PSP, kile chombo cha michezo cha mkononi cha kampuni ya Sony. Tulishukuru. Baada ya wiki moja tukaanza kusikia ngoma usiku. Tulidhani ni kwa jirani. Kumbe ilikuwa chini ya shuka la mtoto wetu: pata, pata, pata, pon.

Mchezo wenyewe unaitwa Patapon. Ulitoka Japani Desemba 2007, ukafika nchi nyingine mwaka uliofuata. Mbunifu wake ni Hiroyuki Kotani, na michoro ni ya Mfaransa aitwaye Rolito. Ndani yake mna kabila la watu wadogo weusi, kila mmoja na jicho moja kubwa, walio safarini kwenda mwisho wa dunia. Huongozwa kwa ngoma nne, kila ngoma na kitufe chake. Ukipiga pata-pata-pata-pon, wanatembea. Ukipiga pon-pon-pata-pon, wanashambulia. Baada ya mapigo manne wao huitikia kwa wimbo, nawe sharti ungoje wamalize, kama vile mwanzilishi na waitikiaji katika kwaya. Ukiwahi au ukichelewa, wanaduwaa, na adui huwamaliza. Ukienda nao sawasawa kwa muda, wanapandwa na mori.

Hayo tungeyavumilia. Lililotukera ni kwamba watu hao humhesabu mchezaji kuwa ndiye mungu wao. Na kijana wetu, mwenye miaka 12, alikuwa katika mafundisho ya Kipaimara! Mmoja wetu alitaka chombo kitupwe ziwani siku ile ile. Mwingine alisema tukikitupa bila maelezo, mtoto atajifunza kuficha tu. Tulibishana mpaka tukalala tumegeuziana migongo, jambo lisilo la kawaida nyumbani kwetu.

Siku hizo bibi yake alikuwa amekuja kutoka Magu kutibiwa mtoto wa jicho. Kioo cha mchezo hakukiona hata kidogo, ila masikio yake ni mazima. Alikaa mkekani karibu na mjukuu wake, akasikiliza kwa muda, kisha akasema: "Unawahi, mume wangu. Waache wamalize kuitikia."

Bibi huyu katika usichana wake alicheza bugobogobo, ile ngoma ya jembe ya Wasukuma, ambayo huwapa wakulima mwendo wa kulima. Akaanza kumpigapiga mtoto mgongoni kwa kiganja, polepole, bila kubadili mwendo. Kijana alikuwa amekwama mahali pamoja siku tatu. Kabla ya chakula cha jioni wale watu wake walikuwa wamepita wakiimba, na bibi anatikisa mabega! Sisi tulisimama mlangoni tukikosa la kusema.

Baadaye tulimwita tukamuuliza: "Hao wanakuita nani?"

Aliinamisha kichwa. "Wananiita mungu. Lakini mimi nikikosea pigo wanakufa. Mungu gani huyo? Mimi ni mpiga ngoma wao tu."

Bibi alicheka. Yule kati yetu aliyetaka kukitupa chombo ziwani alitoka nje upesi, ili mtoto asimwone naye akicheka. Tulipatana hivi: nusu saa baada ya kazi za shule, sebuleni na si chini ya shuka, na Jumapili hapana. Hilo la Jumapili alilinung'unikia mwezi mzima, tusiwadanganye.

Juni iliyofuata tulikwenda wote Bujora, pale Kisesa, ambako Padre David Clement alianzisha makumbusho ya Wasukuma. Ilikuwa Bulabo, sherehe za ngoma zinazoambatana na sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Bagika na Bagalu walicheza kwa wakati mmoja, kila upande ukiwavuta watu, maana anayekusanya wengi ndiye mshindi. Kijana wetu hakuwatazama wachezaji sana. Alijipenyeza hadi kwa wapiga ngoma, akasimama huku vidole vikigonga paja.

Aliporudi alimnong'oneza bibi yake: "Yule wa kushoto anawahi."

"Nimemsikia," akajibu bibi. "Tangu asubuhi."